Kioo cha nyuma cha BMW X5 kimevunjika: nijue nini kabla ya kulipia kingine?

Mkazi wa Mbezi

Ndugu zangu, salaam. Nina BMW X5 ya mwaka 2012, aina ya E70, ambayo mlango wake wa nyuma umegawanyika sehemu mbili: ya juu yenye kioo hunyanyuka, na ya chini hushuka. Wiki iliyopita kijana aliyekuwa akikata nyasi kwa mashine nje ya ukuta wetu alirusha kokoto bila kujua, na kioo chote cha nyuma kikapasuka punjepunje na kumwagikia ndani ya buti.

Nimezunguka maduka ya spea ya Gerezani hapa Dar es Salaam na kwingineko, nikapewa bei tatu zinazotofautiana mno. Ya kwanza ni ya kioo kilichotumika, kilichotolewa kwenye gari lililokatwa Sharjah. Ya pili ni ya kioo kipya kisicho na nembo ya BMW. Ya tatu ni ya wakala, nayo inakaribia mara nne ya ile ya kwanza. Fundi niliyempata anasema kwamba umbo likilingana hakuna lingine la kuangalia, na kwamba akikifunga saa nne asubuhi ninaweza kuondoka kwenda Morogoro saa tano. Sina ugomvi naye, lakini gari hili ndilo linalobeba familia yangu, na ningependa kuelewa ninacholipia kabla sijatoa fedha. Jambo jingine ni kwamba kioo cha awali kilikuwa cheusi, hiki kipya ni cheupe, na muuzaji anasema nitabandika tinti tu. Je, ni sawa?

Fundi Vioo, Ilala

Pole sana, ndugu. Kabla ya habari ya kioo, shughulikia buti leo hii. Kwenye E70 betri imewekwa chini ya sakafu ya buti, na sehemu hiyo ya nyuma ina vifaa vingine vya umeme ambavyo vikilowa vitakugharimu kuliko kioo chenyewe. Ziba uwazi kwa nailoni nzito, lakini usibandike selotepu ya katoni moja kwa moja juu ya rangi na kuliacha gari juani. Tanguliza ile ya karatasi wanayotumia wapaka rangi. Pia usiendeshe gari mwendo mrefu uwazi ukiwa haujazibwa, kwa sababu gari linapokwenda hewa ya nyuma hujirudisha ndani na kuingia na moshi wa ekzosi, na watoto waliokaa kiti cha nyuma ndio watakaouvuta kwanza.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Kioo cha aina hii hupashwa moto mkali kiwandani kisha kikapozwa ghafla kwa hewa, hivyo ngozi yake ya nje hubaki imejibana na moyo wake ukiwa unavutwa. Ndiyo maana kina nguvu kikipigwa katikati ya uso wake, lakini kikiumizwa ukingoni, hata kwa jeraha dogo, chote huachia kwa pamoja na kuwa punje butu zisizokata sana. Kwa sababu hiyohiyo hakizibiki, hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kutoka kiwandani. Ukiletewa kioo kilichotumika, pitisha kidole chenye glavu kuzunguka ukingo mzima. Ukikuta mahali palipomeguka, hata kama ni padogo kuliko punje ya mchele, kirudishe, kwa maana kinaweza kukaa vizuri wiki nzima na siku moja kikapasuka gari likiwa limeegeshwa juani.

Jambo ambalo wateja wengi hawaliulizi, nami nalihesabu kuwa kubwa kuliko kioo, ni fremu na gundi. Kioo hiki hakishikwi na mpira. Kimegundishwa kwenye bati la mlango kwa gundi ya poliurethani. Fundi anapaswa kuikata gundi ya zamani na kuacha utando mwembamba wa milimita moja au mbili, kwa kuwa gundi mpya hushikana vema zaidi na ile ya zamani iliyo safi kuliko na rangi. Popote kisu kilipokwaruza rangi hadi bati kuonekana, lazima papakwe praima, yaani rangi ya kwanza ya kulinda bati, na paachwe pakauke. Wenye haraka huiruka hatua hiyo, na baada ya misimu miwili ya mvua kutu hutambaa chini ya gundi, kioo kinaanza kuvuja, na kukitoa na kufunga kingine kunakuwa kazi ya fundi bati. Kwa hewa yetu ya chumvi ya pwani jambo hili halina mjadala. Simama pale wakati fremu iko wazi, uitazame kwa macho yako kabla kioo hakijapandishwa.

Gundi yenyewe iangalie pia. Mrija wake huandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi na muda wa kusubiri kabla ya kuendesha. Muda huo hutofautiana, kuna za saa moja na kuna za kutwa nzima. Poliurethani hukauka kwa kuvuta unyevu uliomo hewani, kwa hiyo Dar es Salaam hukauka upesi kuliko mahali penye baridi na ukavu, lakini anayekupangia safari ya Morogoro ni maandishi ya mrija, wala si fundi. Ukiona fundi anatoa silikoni ya kuzibia mabomba, hasa ile inayonuka siki, msimamishe hapohapo, kwa sababu tindikali yake hula bati na gundi ya kweli haishiki tena mahali ilipopita.

Muuza Spea za Ulaya

Naongezea upande wangu. Usinunue kioo kwa kutaja “X5 ya 2012” peke yake. Kwenye namba ya chasi, herufi na tarakimu saba za mwisho zinatosha kufungua orodha ya vifaa ambavyo gari lako liliondoka navyo kiwandani, na humo utaona kama lilikuwa na vioo vya kukinga jua, ambavyo BMW huviandika kwa namba 420. Kwa kuwa unasema kioo chako kilikuwa cheusi, inawezekana kabisa kwamba namba hiyo imo. Kioo cha namna hiyo weusi wake umo ndani ya kioo chenyewe, haubanduki wala haufifii kama stika, na ukiweka cheupe chenye tinti karibu na vile vya ubavuni ambavyo ni vyeusi kwa asili, tofauti ya rangi itaonekana kila gari likisimama juani. Atakayekuja kulinunua gari hilo baadaye ataiona kabla hujamfungulia mlango.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni kusoma mhuri uliochapwa kwenye kona ya vioo vilivyobaki. Humo kuna jina la kiwanda, herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba, na maandishi 43R. Namba iliyo pembeni ya E ni ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 11 ni Uingereza, 43 ni Japani. Wengi hudhani kuwa ndiyo nchi kilikotengenezwa, lakini sivyo. Kioo kinaweza kutengenezwa kwingine kabisa na kupata kibali cha Ujerumani. Hiyo 43R ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya usalama vya magari. Ukiona na herufi V, maana yake kioo kinapitisha mwanga chini ya asilimia 70, yaani ni cheusi tangu kiwandani. Kisicho na mhuri wowote mimi sikiuzi, na sikushauri ukinunue hata kwa nusu bei.

Kuhusu nembo, nitasema bila kuficha ingawa nami ni mfanyabiashara. Kampuni za magari hazitengenezi vioo. Hununua kwa viwanda vya vioo, na baadhi ya viwanda hivyo huuza pia kioo chao bila nembo ya gari. Kwa hiyo kutokuwepo kwa nembo ya BMW hakumaanishi kwamba kioo ni kibaya. Tazama jina la kiwanda kwenye vioo vyako vya ubavuni. Ukilikuta jina hilohilo kwenye kioo cha pili ulichotajiwa, pamoja na alama zote nilizozieleza, sioni sababu ya kulipa mara nne.

Mkazi wa Mbezi

Nawashukuru sana. Nimekwenda kutazama: vioo vya ubavuni vina E, 1, 43R na V, kwa hiyo vilikuwa vyeusi kwa asili. Kile cha Sharjah nacho kina V, ukingo wake ni mzima, lakini kwa ndani kina mabaki ya stika ya tinti, na mmoja wa ile mistari myembamba ya kahawia umekatika karibu na upande wa kulia. Muuzaji anasema kwa joto la Dar mistari hiyo haina kazi. Namwamini kiasi, ila nyumbani kwetu ni Njombe na huwa tunakwenda.

Fundi Umeme, Nairobi

Ndugu, kwa anayekwenda Njombe mwezi wa Juni au wa Julai mistari hiyo, ambayo hupasha kioo joto ili kuondoa ukungu, ina kazi kubwa, kama ilivyo huku kwetu Limuru asubuhi yenye ukungu. Hata Dar, usiku wa mvua, kioo cha nyuma hutanda unyevu na dereva akabaki akitegemea vioo vya pembeni peke yake. Isitoshe, katika magari mengi ya daraja hili si kila mstari ni wa kupasha joto. Mingine ni antena ya redio, nayo huwa na plagi yake na kifaa cha kukuza mawimbi kilichofichwa karibu na mlango. Kwa hiyo hesabu sehemu za kuunganishia waya zilizoko kwenye kioo hicho, kisha uzilinganishe na plagi zinazoning’inia kwenye mlango wako. Zikipungua, kioo hicho si cha gari lako, hata kama umbo lake limekaa sawasawa.

Mstari mmoja uliokatika si sababu ya kukikataa kioo, bali ni sababu ya kupunguziwa bei. Huzibwa kwa rangi maalumu yenye madini ya fedha, na ukikatika mahali pamoja tu tengenezo hudumu. Hatari kubwa iko kwenye vile vibati viwili vya pembeni vinavyopokea umeme. Kama kimoja kimeng’oka, mistari yote imekufa, na kukirudisha kunahitaji mkono uliozoea.

Kipimeni kioo kabla ya kulipa. Kilazeni juu ya blanketi, muunganishe betri ya volti 12 kwenye vibati hivyo, kisha ncha moja ya mita ya kupimia umeme ikae upande hasi na nyingine, ikiwa imezungushiwa karatasi ya alumini ili isikwaruze, itembee polepole juu ya kila mstari kutoka chanya kwenda hasi. Kwenye mstari mzima volti hushuka taratibu, na katikati huwa karibu sita. Kwenye uliokatika husimama palepale kisha huanguka ghafla, na hapo ndipo penye mkato. Ni kazi ya dakika chache na muuzaji mwaminifu hataikataa.

Hayo mabaki ya tinti asiyaguse mtu kwa wembe. Wembe ndio unaoiua mistari hii kuliko kitu kingine chochote. Yalainishwe kwa mvuke na yavutwe kwa kuifuata mistari, si kwa kuikatiza. Na ukija kubandika tinti mpya, epuka ile yenye madini, kwa kuwa huzuia mawimbi ya redio.

Dada wa Bima

Kaka, wote wamezungumzia fundi na spea, lakini hujasema kama una bima kubwa. Ikiwa unayo, usilipe chochote bado. Toa taarifa kwanza, piga picha za uharibifu pamoja na mahali ulipotokea, na uyasome maneno ya mkataba kwa makini, kwa sababu mikataba mingi huweka kiwango cha juu cha fidia ya kioo, na mingine hutaja kioo cha mbele pekee. Uliza kama cha nyuma kimo, uliza sehemu utakayochangia wewe mwenyewe, na uliza kama dai hili litakuondolea punguzo la mwaka ujao la kutodai. Ikiwa kiwango cha kioo ni kidogo kuliko bei ya wakala, mweleze mkaguzi kuhusu kioo cha kiwanda kilekile kisicho na nembo, na jibu lake alitoe kwa maandishi.

Kuhusu yule kijana, tafadhali usimbebeshe mzigo huu mwenyewe. Alikuwa kazini, na kama aliajiriwa na mwenye nyumba au na kampuni ya usafi, mazungumzo yawe na mwajiri wake. Kampuni yako ya bima, ikishakulipa, ina haki ya kumfuatilia mwajiri huyo. Ndiyo maana usisaini karatasi yoyote ya kumsamehe kabla hujazungumza nao.

Fundi Vioo, Ilala

Dada amenena vizuri. Nimalizie na siku ya kazi, kwa kuwa ndugu yetu ana safari.

Kabla hajaanza, fundi anyonye punje zote kwa mashine, si kwenye zulia tu bali ndani ya mlango wa juu na kuzunguka kitasa, maana punje moja ikikwama kwenye kitasa mlango hautafunga, na nyingine zitagonga ndani ya bati kila ukipita kwenye matuta. Klipu za plastiki za urembo wa ndani nyingi huvunjika zikitolewa. Anunue mpya, asirudishie zilizolegea. Kioo kikishakaa, acha dirisha moja la pembeni wazi kidogo kutwa nzima, ili mlango ukifungwa hewa isisukume kioo kabla gundi haijashika. Usipeleke gari kwenye mashine ya maji ya presha kwa siku mbili.

Gundi ikishakauka, mwagieni maji ya bomba kwa mpira, taratibu kutoka juu, huku mtu mmoja amekaa ndani ya buti na tochi, na zulia likiwa limeinuliwa. Washeni na hita ya kioo, redio, waipa ya nyuma na taa ya tatu ya breki iliyo kwenye spoila, kila kimoja kwa zamu yake. Kisha risiti iandikwe jina la kiwanda cha kioo, aina ya gundi, na muda ambao fundi atawajibika ikiwa maji yataingia. Akikataa kuandika hilo la mwisho, mtafute mwingine kabla hata vumbi la kioo cha zamani halijafutwa kwenye fremu.