Mrejesho: zile noti za ziada za tomu

Wakubwa, niliuliza kwa nini nikirekodi ngoma za umeme kwa MIDI (mfumo unaoandika kila kipigo kama noti yenye namba ya nguvu yake), kila nikikanyaga kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, tomu ya chini, ngoma nene ya pembeni, nayo inaandika noti. Kebo nilibadilisha, bure. Kumbe ni mtikisiko: fremu inatetemeka, pedi ya tomu inadhani imepigwa. Noti hizo zilikuwa na nguvu ya 6 hadi 11 kati ya 127. Zangu za kweli hazishuki chini ya 40. Nikapandisha kizingiti cha tomu (nguvu ya chini kabisa inayohesabiwa kuwa kipigo) kwenye moduli, kile kisanduku kinachopokea vipigo vya pedi, nikabana kipande cha tairi ya pikipiki, cha fundi wa hapa Birere, kati ya kibano na bomba. Kimya! Kwenye rekodi za zamani nimefuta kila noti ya tomu iliyo chini ya 15. Snea, ile ngoma ya mlio mkali, sikuigusa, vipigo vyake vidogo ndivyo utamu wenyewe.