Vifaa vya watoto kwenye malezi ya nyumbani: alete mzazi, anunue mlezi, au wagawane?

mlezi_mtarajiwa

Habari za leo wadau. Najiandaa kuanza kulea watoto nyumbani kwangu, wachache tu, wa kuanzia miezi minne hadi miaka minne. Chumba kipo tayari na kibali nakifuatilia. Sasa naandika makubaliano na wazazi, na kipengele cha vifaa ndicho kilichonikwamisha. Naona njia tatu.

Moja, mzazi alete kila kitu: nepi, tishu zenye unyevu, maziwa, chakula, shuka, nguo za kubadilisha. Mbili, ninunue kila kitu mwenyewe na gharama iingie kwenye ada. Tatu, tugawane, vingine vyake, vingine vyangu.

Njia ya pili inanivutia kwa sababu mzazi anakabidhi mtoto na kwenda kazini, hana begi la kuhangaika nalo asubuhi. Lakini nahofia ada itakuwa juu mno. Wenye uzoefu, walezi kwa wazazi, nisaidieni. Zaidi nataka kujua ni kitu gani huleta ugomvi baadaye.

MamaPacha

Naongea kama mzazi. Niliwahi kuwa na watoto wangu kwa mlezi anayetoa kila kitu na sikuwa na neno, nilimpenda. Asubuhi na watoto wawili unavalisha huyu, yule kavua viatu, na bado ukumbuke kuhesabu nepi. Kuondolewa mzigo huo ni msaada mkubwa.

Shida ilikuja mmoja alipoanza kutoka vipele vyekundu mapajani. Nyumbani alikuwa sawa, kwa mlezi vinarudi. Tulikuja kugundua ni tishu za kufutia, zilikuwa za manukato. Nikamwomba nilete zisizo na harufu, akakubali, ila alikuwa anasahau kwa sababu pakiti yake ndiyo iliyokuwa mezani siku zote. Kwa hiyo ushauri wangu: hata ukitoa kila kitu, acha nafasi kwa mzazi ambaye mtoto wake ana ngozi au tumbo la tofauti, na vya mtoto huyo viwe na mahali pake panapoonekana.

baba_wa_binti

Mimi ya pili siikubali, na sababu ni hesabu. Binti yangu ameshaacha nepi. Kwa nini nilipie ada ileile na mzazi wa mtoto wa miezi sita anayebadilishwa kila baada ya saa mbili tatu? Ukiweka ada moja inayobeba kila kitu, wazazi wa wakubwa wanawanunulia nepi wadogo bila kujua. Kama lazima iwe hivyo, weka ada mbili, ya mtoto wa nepi na ya mtoto anayeenda chooni mwenyewe.

MleziMkongwe

Mdogo wangu mlezi_mtarajiwa, karibu kwenye kazi. Nimelea watoto wa watu kwa miaka mingi na njia zote tatu nimeziishi. Nilipofika ni kugawana, lakini mgawanyo wenyewe uwe na msingi mzazi anaoweza kuukumbuka bila kutafuta karatasi.

Kwangu msingi ni huu: kinachoingia mwilini mwa mtoto mmoja au kinachokaa kwenye ngozi yake kinatoka kwao, na kina jina lake. Kinachotumiwa na wote ni changu.

Basi mzazi analeta nepi, krimu ya vipele, maziwa kama mtoto bado ni wa chupa, chupa zenyewe, nguo mbili kamili za kubadilisha na kofia. Mimi natoa sabuni, tishu za kawaida, dawa ya kusafishia meza ya kubadilishia, sahani na vikombe, magodoro na shuka zake, vitabu, rangi, karatasi, vifaa vya kuchezea, sanduku la huduma ya kwanza. Chakula cha waliokwisha kuanza kula napika mimi, kwa sababu mezani ukiwa na mabakuli matano yenye vitu vitano tofauti utalia. Kila mmoja anataka cha mwenzake, na kama yupo mwenye mzio hapo ndipo hatari ilipo.

Kwa nini nepi zitoke kwao? Saizi za nepi zinakwenda na uzito, na mtoto mchanga huruka saizi moja kwenda nyingine kabla hujamaliza furushi. Nilipokuwa nanunua mwenyewe nilibaki na mafurushi nusunusu ya saizi ambazo hakuna tena wa kuzivaa. Mzazi anajua mwanawe amefika wapi.

Sasa umeuliza ugomvi hutoka wapi. Hautoki kwenye furushi la nepi. Unatoka siku nepi zimeisha saa tisa alasiri na mzazi anafika saa kumi na moja. Hapo unafanyaje? Unamvalisha ya mtoto mwingine, ndogo, gundi haifiki, na mwenye nepi akijua anakasirika. Au unamwacha na ile aliyonayo. Mtoto ndiye anayeumia, na hana wa kumwambia. Kwa hiyo lazima uwe na akiba yako, saizi mbili au tatu za kati, na muandike mapema kwamba mlezi akitoa nepi yake, mzazi anarudisha idadi ileile kesho yake. Mimi kila mtoto ana kikapu rafuni na jina mbele. Kikibaki na nepi za siku mbili nafunga utepe mwekundu mpinini na namwandikia mzazi ujumbe palepale, siku hiyohiyo. Akija kumchukua mtoto anauona utepe hata kama ujumbe hakuusoma.

mlezi_mtarajiwa

Asante sana dada MleziMkongwe. Utepe nauchukua. Swali: mzazi asiporudisha nepi alizokopa?

MleziMkongwe

Unamkumbusha kwa upole mara ya kwanza. Akizoea, unaingiza kwenye malipo ya mwezi unaofuata, na iwe imeandikwa tangu mwanzo ili asione umemgeuka. Ila kwanza muulize kama kuna jambo. Mara nyingine mtu amekwama kifedha na anaona aibu kusema.

NeemaMlezi

Nimesubiri mtu aguse hapo kwenye aibu. Mimi natoa kila kitu na sitabadilisha, na naomba mnisikilize.

Ukimwambia mzazi alete, unaanza kuona tofauti za mifuko. Mmoja ana krimu, losheni na nguo tatu safi. Mwingine ana nepi mbili za kutwa nzima na anakuambia kwa sauti ya chini, "usimbadilishe sana". Huyo hana roho mbaya, hana uwezo wiki hiyo. Na mimi niliyepewa nepi mbili nitafanya nini na mtoto aliyelowa? Kwangu rafu ni moja. Mtoto akilowa anabadilishwa, hakuna anayehesabu, na hakuna mtoto anayejulikana kwa ufukara wa begi lake. Wale wa miaka mitatu na kuendelea wanaona mambo haya vizuri kabisa. Wanajua nani ana kikombe kizuri na nani hana.

Kwa gharama, nanunua kwa jumla na kila risiti ya vitu vya watoto inakaa peke yake, haichanganyiki na matumizi ya nyumba. Hilo linanisaidia kujua ada halisi, na sehemu nyingi linakusaidia pia wakati wa kodi. Hoja ya baba_wa_binti ni ya haki, ndiyo maana nina viwango viwili kama alivyosema. Mtoto akiacha nepi, ada inashuka mwezi unaofuata. Wazazi wanafurahi sana mwezi huo.

Ninachokubali kitoke nyumbani ni maziwa, dawa na nguo za kubadilisha tu.

baba_wa_binti

Kwa viwango viwili sina ubishi tena na njia ya pili. Na hilo la nepi mbili sikuwa nimelifikiria.

muuguzi_watoto

Nafanya kazi na watoto wadogo kliniki. Naomba nizungumzie vitu ambavyo, mkichagua njia yoyote ile, haviwezi kuchukuliwa kwa wepesi.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa: yaje kwenye chupa yenye jina la mtoto na tarehe ya kukamuliwa. Kwenye joto la kawaida la chumba, lisilozidi nyuzi 25, yanadumu kwa muda usiozidi saa 4 tangu yakamuliwe. Kwenye friji hadi siku 4. Usiyapashe kwenye maikrowevu, hupata moto bila usawa na yanaweza kumuunguza mtoto mdomo. Yakibaki kwenye chupa baada ya kunyonya, yatumike ndani ya saa 2 au yamwagwe. Na kumpa mtoto maziwa ya mama wa mtoto mwingine ni kosa zito, kwa hiyo soma jina kila unapochukua chupa, hata kama una hakika.

Maziwa ya kopo: kopo libaki la mtoto mmoja, mzazi alete. Unga wake hauji ukiwa umeuliwa vijidudu vyote, ndiyo maana inashauriwa kuukoroga kwa maji yaliyochemka yakiwa bado na nyuzi 70 au zaidi, kisha yapoe kabla ya kumpa. Yakishaandaliwa yatumike ndani ya saa 2, na mtoto akishaanza kunyonya yasizidi saa 1. Mzazi asikuachie maelekezo ya kupunguza vijiko ili kopo lidumu. Hilo kataa.

Dawa: kwenye chupa yake ya asili, yenye jina la mtoto, kipimo na saa, pamoja na ruhusa ya maandishi. Mlezi asiwe na chupa yake moja ya dawa ya homa ya kugawia watoto wote. Kipimo kinakwenda na uzito.

Krimu ya vipele: isichotwe kwa kidole kile kile kilichogusa ngozi ya mtoto. Toa ya kutosha kwanza, weka kwenye karatasi safi, halafu mpake. Na usishirikishe watoto wawili kopo moja.

Shuka na mablanketi: hapa mzazi hata akileta kwa upendo, kwa mtoto wa chini ya miezi 12 usipokee mto, blanketi wala mdoli wa kulala naye. Alale chali, godoro gumu lililo tambarare, shuka iliyobana, basi. Ndiyo maana mimi napendelea vya kulalia viwe vya mlezi. Ukivitoa wewe, hubishani na mtu kuhusu mto alioushona bibi.

Nguo zilizochafuka kwa haja na nepi za kitambaa usizisuuze kwako. Zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji zirudi nyumbani, ili uchafu usisambae sinki lako.

MamaPacha

Muuguzi, na losheni ya kukinga jua?

muuguzi_watoto

Alete mzazi, kwa ruhusa ya maandishi, ili ijulikane mtoto haimdhuru. Walio chini ya miezi 6 kwa kawaida wakingwe kwa kivuli, kofia na nguo badala ya losheni.

mlezi_mtarajiwa

Na vifaa vya kuchezea kutoka nyumbani? Nimeshaombwa na mzazi mmoja.

NeemaMlezi

Hapana, mwenzangu. Kitapotea, kitavunjika, au kitapiganiwa. Isipokuwa kile kimoja kinachomtuliza wakati wa kulala, kwa aliyezidi mwaka. Na hicho kikague. Kikiwa na betri ndogo ya duara kirudishe siku hiyohiyo, mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2.

mlezi_mtarajiwa

Nimewaelewa. Nimeandika hivi, nikosoeni: Mlezi atatoa chakula cha wanaokula, tishu zisizo na manukato, vya kulalia, vyombo, usafi na michezo. Nepi atatoa mlezi, ada itakuwa ya viwango viwili, na mzazi anayetaka aina yake atalipa kiwango cha chini na kuleta mwenyewe. Maziwa, chupa, krimu, dawa na nguo mbili za kubadilisha zitatoka nyumbani, kila kimoja na jina. Akiba ya nepi itakuwepo kwa wanaoleta, na itarudishwa.

MleziMkongwe

Nimeipenda, hasa kumwachia mzazi achague upande wa nepi. Ongeza mistari miwili. Wa kwanza, nani anakagua nguo za kubadilisha. Watoto wanakua, utafungua mfuko siku ya ajali ukute suruali ya mwaka jana. Mimi mwanzo wa kila mwezi narudisha mfuko mzima nyumbani ukaangaliwe. Wa pili, mtoto akihama, vilivyobaki vinaondoka naye siku ya mwisho, na maziwa yaliyofunguliwa yanamwagwa.

baba_wa_binti

Na utaje ni siku ngapi kabla utatangaza ada ikibadilika kwa sababu bei za vitu zimepanda. Sisi wazazi tunaweza kuvumilia kupanda, kushtukizwa ndiko kunakotuumiza.

mlezi_mtarajiwa

Nimeweka siku 30. Kesho nawapelekea wazazi waisome kabla hatujasaini.