Hivi kwenye banda la chipsi kuna kitu gani chetu kweli?

ChipsiNgarenaro:
Wakuu, habari za jioni. Nina banda la chipsi hapa Ngarenaro, Arusha. Jana mteja mmoja, dereva wa watalii, anasubiri zege lake (chipsi mayai), akaanza maneno: eti nauza chakula cha wazungu, babu zake hawakula viazi. Nikamwambia hao wazungu anaowabeba wakifika hapa zege wanalipiga picha kwanza, hawajawahi kuliona. Bodaboda nao wakaingia kwenye ubishi, nusura yai liungue. Naomba wajuzi: viazi, mayai, mishikaki, kachumbari, sosi ya nyanya, na sambusa ninazoletewa asubuhi na mama mmoja, vimetokea wapi? Siasa sitaki.

Mbauda_Kona:
Alipe kwanza, historia baadaye.

MwalimuMstaafu_Pasua:
Mwanangu, nilifundisha historia sekondari, siku hizi nafuga kuku tu hapa Moshi, kwa hiyo nafasi ninayo. Babu zake kweli hawakula viazi mviringo, lakini babu wa huyo mzungu naye hakuvijua. Viazi ni vya wenyeji wa milima ya Andes, upande wa Peru na Bolivia. Wahispania walivipeleka Ulaya karne ya 16, na huko vikakwepwa muda mrefu. Ufaransa kuna waliosema vinaleta ukoma! Kukata na kukaanga kwenye mafuta mengi, hapo sawa, ni mambo ya Ulaya, na mpaka leo Wabelgiji na Wafaransa wanagombania nani alianza.

Nyanya na pilipili nazo ni za Amerika. Kuku asili yake ni misitu ya kusini mashariki mwa Asia. Ila kinachonichekesha zaidi ni hiyo chupa nyekundu unayoipigapiga matakoni ili itoke. Sosi hiyo ilianza bila nyanya hata moja! Ilikuwa maji ya samaki waliovundikwa kwa chumvi, huko kusini mwa China na nchi jirani. Waingereza wakaionja kwenye biashara zao, wakarudi kwao kuiga kwa uyoga na hata dagaa. Nyanya ziliingia baadaye. Mmarekani James Mease wa Philadelphia aliandika namna ya kuipika kwa nyanya mwaka 1812.

Sambusa ni ya Uajemi na Asia ya Kati. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, aliikuta Delhi, kwa sultani, karne ya 14: nyama ya kusaga, lozi, vitunguu na viungo, imefungwa kwenye unga mwembamba na kukaangwa kwa samli. Kwa hiyo mama yako akileta za nyama, ndizo za zamani. Za viazi zilisubiri Wareno wavifikishe viazi India. Na huyohuyo Ibn Battuta, mwaka 1331, alipita Mogadishu akaandaliwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Wachaga wenzangu mko wapi?

Kiborloni_Mitumba:
Tupo, Mwalimu. Kwa hiyo ndizi ni yetu, mjadala umefungwa.

MwalimuMstaafu_Pasua:
Haujafungwa. Ndizi zimetoka New Guinea na visiwa vya Asia. Kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, mwenyeji ni ulezi, ndizi ni mgeni aliyezoea nyumba. Na kahawa ya kijiweni unayokunywa hapo Kiborloni ni ya Ethiopia, jirani kabisa, lakini hata njia ya Kenya haikupita. Ilivuka kwenda Yemen, Wafaransa wakaipeleka kisiwa cha Réunion, ndipo mapadri wao wakaileta pwani yetu na kuipandisha mpaka Kilema, huku kwetu Kilimanjaro, mwishoni mwa karne ya 19. Imezunguka bahari nzima kuja nyumba ya pili! Kashata unayotafunia, karanga zake ni za Amerika Kusini.

DerevaWaMuscat:
Kwenye mishikaki niachieni mimi, nimeendesha gari Oman. Jioni barabarani Salalah moshi ni uleule wa nyama choma za Kwa Mrombo, hapo Arusha: vijana wanapepea makaa, nyama kwenye vijiti, wanaita mishkak. Sisi na wao tumeingiliana tangu masultani wao wakae Zanzibar, kwa hiyo sishangai. Wanailaza nyama kwenye ukwaju.

MwalimuMstaafu_Pasua:
Asante sana baba, umenikumbusha. Huo ukwaju kila mtu anadhani ni wa India kwa sababu Wahindi wanautia kwenye kila kitu. Mti wenyewe asili yake ni Afrika, ulitoka huku ukaenda kwao zamani mno. Ndugu wa chipsi, wewe unautumia?

ChipsiNgarenaro:
Shikamoo Mwalimu. Aisee! Pilipili yangu ya chupa naitengeneza kwa ukwaju wa kutoka Dodoma. Naloweka usiku, asubuhi nakamua, natoa kokwa, nachemsha na pilipili mbuzi na kitunguu saumu. Yule dereva wa watalii ndiye anayeimiminia kuliko wote, mpaka mfuko unavuja. Na ndicho kitu pekee pale bandani nisichotoza hela.

Mbauda_Kona:
Mkuu, usije ukaanza.