"News" ni pande nne za dunia? Asili ya maneno ya Kiingereza

Mdadisi_255:
Wakuu, haya nakutana nayo kila mara: "news" ni herufi za kwanza za kaskazini, mashariki, magharibi na kusini kwa Kiingereza, "salary" ni kwa sababu askari wa Roma walilipwa chumvi, "beef" na "mutton" ni Kifaransa. Kipi kweli, kipi porojo? Na mtu anahakiki vipi mwenyewe?

bin_Kamusi:
Ya "news" ni porojo tupu. Ni "new" iliyotiwa -s ya wingi, kwa kuiga "nouvelles" ya Kifaransa. Zamani iliandikwa "newes". Sasa hiyo e ya pili ni upande gani wa dunia? Ukiambiwa neno la kabla ya karne ya 20 ni akronimu, yaani limeundwa kwa herufi za kwanza za maneno mengine, shuku kwanza. "OK" ni kati ya machache yanayopona: ilichapwa Boston mwaka 1839 kama ufupisho wa "oll korrect", utani wa kukosea makusudi tahajia ya "all correct". Mwaka 1840 ikapewa nguvu na kampeni ya rais wa Marekani Martin Van Buren, aliyeitwa Old Kinderhook, yaani O.K.

"Salary" ni nusu kwa nusu. Kilatini "salarium" kweli kinahusiana na "sal", chumvi, ila hakuna andiko la kale linalosema askari walipimiwa chumvi kama mshahara.

Mzamivu:
"Beef" na "mutton" ni kweli, zimetokana na Wanormani, wasemaji wa Kifaransa walioiteka Uingereza mwaka 1066. "Cow" na "sheep" ni za Kiingereza cha kale. Lakini ule mgawanyo safi, mnyama Kiingereza na nyama Kifaransa, ulichelewa. Kwa karne kadhaa "beef" iliweza kumtaja hata ng'ombe aliye hai. Aliyeipa umaarufu hoja hiyo ni mwandishi Walter Scott, kwenye riwaya yake Ivanhoe ya 1819.

Tahajia_Mbovu:
Kuhakiki: fungua Oxford English Dictionary, au Etymonline ambayo ni bure. Anza na tarehe ya ushahidi wa kwanza na tahajia ya wakati ule. Tukio linalosimuliwa likiwa la baadaye kuliko neno lenyewe, hadithi imekufa hapo hapo.

Tahajia ya leo nayo inadanganya. "Island" haikuwa na s. Ilichomekwa karne ya 16 kwa kudhani ni ndugu wa "isle". B ya "debt" vilevile ilipachikwa ili neno lifanane na "debitum" ya Kilatini. Kabla ya hapo lilikuwa "dette".

Wengi huteleza kwenye kufanana. "Have" na "habere" ya Kilatini zina maana moja na sauti karibu sawa, lakini si ndugu. K ya Kilatini, inayoandikwa c, ndiyo inayolingana na h ya Kiingereza: "cornu" na "horn", "centum" na "hundred". Kwa hiyo ndugu wa "have" ni "capere", kushika. Usitafute neno linalofanana; tafuta sauti zinazolingana kwa utaratibu, katika maneno mengi.