Je, mali ya mchezo wa blokicheni ni ya mchezaji kweli?

Swali (Masasi)
Ndugu wanajukwaa, mdogo wangu anataka kutumia sehemu ya malipo ya korosho kununua wahusika katika mchezo wa blokicheni (daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja) ambao sarafu yake, kwa maelezo ya waanzilishi, hutumika katika michezo kadhaa ya kampuni tofauti. Anasema wahusika hao watakuwa mali yake na atakuwa huru kuwauza apendavyo. Je, kampuni ikifunga mchezo, atabaki na nini mkononi?

Jibu (Mtwara Mjini)
Ndugu yangu, sisi wa kusini tunaifahamu stakabadhi ghalani, hati anayopewa mkulima kwa mazao aliyoyaweka ghalani, kwa hiyo nitaanzia hapo. Tokeni anayoinunua, yaani rekodi ya umiliki wa mhusika, ni stakabadhi: imeandikwa katika daftari hilo la pamoja ambalo kwa kawaida kampuni peke yake haiwezi kulifuta, na mwenye ufunguo wa siri wa pochi ya kidijitali ndiye anayeweza kuihamisha. Lakini mzigo wenyewe, yaani nguvu za mhusika na uwanja anaochezea, mara nyingi umo kwenye seva za kampuni, na seva zikizimwa stakabadhi hubaki bila mzigo. Tena, mchezo mwingine kumpokea mhusika huyo ni hiari ya watengenezaji wake, ambao watalazimika kumchora na kumwandikia kanuni upya. Sarafu hushirikishwa kwa urahisi zaidi.

Jibu (Nachingwea)
Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila hatari kubwa naiona kwenye hiyo sarafu. Mwaka 2021 watu wengi wa Ufilipino walitegemea kipato cha Axie Infinity, mchezo wa kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam. Wachezaji walilipwa sarafu ya SLP, ambayo matumizi yake makubwa yalikuwa kuzalisha wahusika wapya wa kuwauzia wachezaji wapya. Wageni walipopungua, sarafu iliendelea kutolewa kuliko ilivyohitajika, na bei ikaporomoka. Machi 2022 wezi walipata funguo 5 kati ya 9 zilizolinda daraja la Ronin, yaani mfumo wa kuhamishia sarafu kati ya blokicheni ya mchezo huo na blokicheni nyingine, wakachota mali ya zaidi ya dola milioni 600. Michezo ikitumia sarafu moja, mmoja ukiitoa ovyo thamani huanguka kwa wote, hata kwa yule ambaye hajawahi kuucheza.

Jibu (Lindi)
Sheria nayo izingatiwe. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari kuhusu sarafu hizi mwaka 2019, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Mdogo wako aulize nani ana mamlaka ya kutoa sarafu mpya, na kwa kikomo gani. Waraka wa mradi usipojibu hilo, fedha hiyo ibaki kwa ajili ya palizi ya mikorosho.