Yule wa "seva ya pili ndiyo bakapu" leo kaniita dada wa wino mbele ya bosi

Binti_Naliendele

Wakuu, salamu baadaye. Mods, tafadhali msiunganishe uzi huu na ule wa vishoka wa kompyuta, huyu anastahili wa kwake. Jina simtaji. Kila mwenye ofisi yenye seva hapa Mtwara mjini anamfahamu: gari jeupe, miwani ya jua hata ndani ya chumba cha seva, na akifika tu anaomba kwanza maji ya baridi.

Leo saa nne asubuhi, siku ya mnada wa korosho, imeili za ofisi nzima zimekata. Karani wa mauzo kashika kichwa, simu za wanunuzi zinaita mpaka zinachoka zenyewe. Kaitwa yeye, kaja, kashika mashine, mwishowe kamgeukia bosi: "Kwani huyu dada wa wino hakuwa anaangalia diski?"

Dada wa wino. Mimi. Miaka sita naendesha mtandao wa ofisi ile.

Ngoja niwape chanzo. Siku alipotufungia Exchange, ule mfumo wa imeili wa Microsoft, kwenye seva mbili zilizounganishwa, nilimuuliza swali moja tu: bakapu, yaani nakala ya akiba, inakwenda wapi? Akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Seva zipo mbili, ya pili ndiyo bakapu. Dada, wewe kaangalie wino wa printa." Ukumbi mzima ukacheka. Nywila ya seva akaondoka nayo, mpaka leo sijawahi kuishika.

Sasa sikilizeni. Exchange kila kitu inakiandika kwanza kwenye logi, vifaili vya megabaiti 1 kimoja kimoja, ndipo kinaingia kwenye databesi. Hizo logi hazijifuti zenyewe mpaka bakapu kamili ipite, labda uwe umewasha mzunguko wa kuziandika upya. Hakuwasha mzunguko, hakuweka bakapu. Logi zimerundikana kama magunia ya korosho ghalani mvua ikikaribia, diski ikajaa, databesi ikajishusha. Na seva ya pili? Ilikuwa inapokea logi zilezile, nayo imejaa vilevile! Seva ya pili ni kioo, wakuu. Ukijipaka masizi, na kioo kinaonyesha masizi.

Hapo bado tulikuwa tunaokoka. Ungehamishia logi za zamani kwenye diski nyingine, ukaongeza nafasi, ukawasha. Yeye kafanyaje? Kazichagua zote, kafuta moja kwa moja, hata kwenye kapu la taka hazikupita. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikasema "kaka, usifute!" Akasema, "Dada, wino." Kisha akaenda seva ya pili akafuta na huko. Databesi iliyozimika vibaya inazihitaji logi ili isimame, na ile nakala ya pili muda wote inaishi kwa kulishwa logi. Kaziua zote mbili kwa vidole viwili.

Halafu akaendesha eseutil /p, ile amri ya kuikarabati databesi kwa nguvu. Wanaojua wameshashika mdomo. Ile hairejeshi kitu, inatupa kurasa zilizoharibika ili mlango ufunguke. Mlango umefunguka, ndani kuna mafolda yamebaki majina tu. Na hapo ndipo alipogeuka kwa bosi na kusema dada wa wino.

Kilichookoa nyaraka za mzigo uliopo bandarini ni diski ya nje niliyonunua kwa mshahara wangu. Naifunga kwenye kipande cha kanga, naiweka droo ya chini, kila Ijumaa jioni nanakili humo sanduku za imeili za watu watatu wa mauzo, kwa kuwa hao ndio walikubali kunipa kompyuta zao. Watatu tu. Wengine arobaini wamepoteza. Na mimi ndiye dada wa wino.

Mzee_wa_Feri

Nimemjua kwenye "maji ya baridi". Kwetu alifunga kamera nne, zote zinatazama mwembe.

Chipukizi_Ligula

Uzi mrefu kama foleni ya malori ya korosho. Dada tujibu basi: wino ulikuwepo au haukuwepo?

Binti_Naliendele

@Chipukizi_Ligula ulikuwepo, katriji tatu. Umefurahi? Watu arobaini hawana imeili, wewe unauliza wino.

KlastaMan

Dada pole, ila tuwe wakweli, hata Microsoft wenyewe wanasema klasta ya Exchange, yaani seva zilizounganishwa, inaweza kukaa bila bakapu ya kawaida. Jamaa kaisoma hiyo sehemu.

Mlinzi_wa_Logi

@KlastaMan kaisoma nusu ukurasa. Wanasema uwe na nakala tatu au zaidi za kila databesi, mzunguko wa logi uwashwe, na nakala moja icheleweshwe, unaruhusiwa mpaka siku 14, ili uharibifu wa leo usiifikie leo. Yeye kaweka mbili, zote za papo hapo, mzunguko kazima. Hiyo ni kutupa nyavu usiku wa dhoruba.

Dada, wala usimsubiri akupe nywila, mwambie bosi aidai kwa barua. Kisha weka bakapu kamili kila usiku, ichukuliwe kwenye nakala tulivu, ile ambayo watumiaji hawaigusi, ili usiwachoshe watumiaji. Ikikamilika logi zinakatwa pande zote. Nakala moja itoke kabisa nje ya jengo. Na kila mwezi rejesha sanduku la mtu mmoja kwenye databesi ya urejeshaji, fungua imeili usome kwa macho yako. Ile alama ya kijani ya kusema bakapu imekamilika usiiamini.

Kaka_wa_Lindi

Alama ya kijani! Mkuu umenitonesha. Sisi huku Lindi tulikuwa nayo mwaka mzima. Siku ya kurejesha tunakuta bakapu ilikuwa inachukua diski ya C tu, databesi ipo diski ya E. Mwaka mzima tumehifadhi Windows na picha ya mandhari. Na seva zote mbili zimo chumba kimoja, UPS moja, kiyoyozi kimoja. Siku umeme ulipoyumba, UPS ikalia piii mara tatu, zikalala zote kama mapacha.

Mama_Shangani

Afadhali kwenu kiyoyozi kipo. Chetu fundi kakibeba tangu mfungo, kila nikimpigia anasema yuko Masasi anafuata gesi. Gesi gani hiyo Masasi, wakati visima vya gesi vya Mnazi Bay viko hapa puani kwetu?

Mzee_wa_Feri

@Mama_Shangani mama, gesi ya kiyoyozi siyo ile ya Mnazi Bay.

Mama_Shangani

Najua mwanangu, nina hasira. Ofisini tunapepea mafaili kama tuko ngomani.

KlastaMan

Bado najiuliza, hiyo Exchange ni ya mwaka gani? Kama ni 2016 au 2019, msaada wake ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Hata mngekuwa na bakapu kumi mngekuwa mnahifadhi nyumba yenye nyufa.

Binti_Naliendele

Ni 2016. Niliandika dokezo la kuomba tuhame, kurasa mbili. Akaulizwa yeye kama mtaalamu, akasema huyo dada wa wino anawatia hofu. Kumbe leo haikuwa mara ya kwanza! Karani kaniambia sasa hivi kwenye simu. Nimekaa barazani natetemeka.

Pweza_Mkavu

Poleni. Samahani natoka nje ya mada kidogo, hizo katriji tatu ni za printa gani? Huku Newala wino halisi haupatikani. Nilinunua moja stendi, kurasa ishirini tu, kisha ikaanza kutoa rangi ya ugoro.

Chipukizi_Ligula

Za stendi wanajaza kwa sindano. Mimi ilimwagika kwenye mkoba, vyeti vyangu vya kidato cha nne vimegeuka madoa.

Mama_Shangani

Vyeti? Wangu ulimwagikia sare ya shule, nimefua kwa ndimu, kwa jiki, doa lipo palepale. Muuzaji ananiambia eti ndiyo dalili ya wino imara.

Binti_Naliendele

Jamani. Mlinzi_wa_Logi, bosi kakubali kuandika barua ya nywila. Nakuja inbox kukuuliza ile nakala ya kucheleweshwa inapangwaje.

Mlinzi_wa_Logi

Karibu dada. Anza kwa kuongeza diski, nakala ya namna hiyo inalimbikiza logi za siku zote unazoichelewesha, isije ikajaa tena.

Pweza_Mkavu

@Mama_Shangani huyo muuzaji ni yule wa kibanda cha bluu karibu na wauza mihogo? Kama ni yeye namfungulia uzi sasa hivi.