Ushauri: tumwage lenta sasa au tusubiri masika ipite?

Baba Mapacha:
Habari zenu wakuu. Usingizi umenikata, naomba mawazo. Mimi, mke wangu na vijana wetu wawili tunajenga wenyewe huku Kivule, Dar, bila fundi. Ujana wangu nilimsaidia fundi miaka mingi, kwa hiyo timazi na pima maji ninavijua. Tofali tumefyatua wenyewe, za inchi 6, mfuko wa saruji wa kilo 50 tunatoa 28. Mama anachanganya, vijana wanamwagilia wakitoka shule. Ukuta umefika usawa wa lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha. Kodi tunapopanga inaisha mwisho wa mwezi wa tatu na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo. Tumwage lenta tupaue haraka, au tufunike ukuta tusubiri masika ipite? Picha mbili hizo. Nawasilisha.

Karai la Zege:
Hongera mkuu. 28 kwa mfuko ni tofali ya mtu anayetaka kulala ndani yake. Kuna watu mtaani wanatoa 40, ukiidondosha inarudi kuwa mchanga. Lenta weka nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20, zege moja kwa mbili kwa nne. Maji ya kisima cha chumvi usiguse, yanakula nondo, na huko kwetu visima vingi ni vya chumvi. Ukishamwaga, mwagilia siku saba bila kukosa.

Ustaadhi wa Temeke:
Mimi sitazami lenta. Natazama mama wa watu anachanganya zege. Ndugu yangu, mke ni wa kutunzwa. Kama huna hela ya kibarua, subiri upate.

Mama Chanika:
Ustaadhi, tuache. Mimi na mume wangu tulijenga hivyohivyo, mimba ya mtoto wa pili nikiwa nayo, maji nachota kwa jirani. Tulihamia nyumba haina madirisha, tumeziba kwa maturubai, na mlango wa mbele ulikuwa bati. Leo nina vigae. Akinamama wangapi wanaandikwa kwenye hati wakati jasho lao liko ukutani? Baba Mapacha, jina la mama lipo kwenye hati?

Nyundo Moja:
Hati baadaye. Mkuu, picha ya pili, kona ya kulia chini, ile rangi nyekundu ni nini?

Baba Mapacha:
Ni alama tu za vipimo. Naomba turudi kwenye lenta.

Nyundo Moja:
Vipimo tunaweka kwa penseli au chokaa. Ikuze picha. Hiyo ni X, alama ya nyumba ya kubomolewa.

Baba Mapacha:
Sawa. Ni X. Walipita watu na ramani, wakaandika kwenye kuta za mtaa mzima, sio kwangu peke yangu. Kiwanja kinapakana na mto Mzinga. Lakini nilinunua kihalali, serikali ya mtaa ilishuhudia na ikagonga muhuri, mjumbe alikuwepo. Majirani wanaendelea kujenga, mmoja anapiga plasta. Alama zimekaa muda na hakuna aliyerudi. Ndiyo maana nataka nipaue, nyumba yenye watu ndani hawaivunji kirahisi.

Mwana Kimara:
Hawaivunji? 2017 Kimara hadi Kiluvya nyumba zilikuwa na watu, na maduka, na misikiti na makanisa. Hifadhi ya Barabara ya Morogoro ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Shangazi yangu alikuwa na hati ya mauziano yenye mihuri kuliko yako. Alitoa milango mwenyewe usiku, asubuhi greda lilikuwa limefika.

Karai la Zege:
Na bonde la Msimbazi je, mwisho wa 2015? X kwanza, halafu greda.

Tandika Macho:
Wakuu, mnakunywa chai hapa. Mtu hana fundi, tofali 28 kamili, watoto wanamwagilia, X imefichwa kwenye picha aliyoiweka mwenyewe! Isitoshe X huandikwa kwenye nyumba iliyokamilika. Ukuta usio na lenta nani ahangaike nao? Mwandishi wa hadithi huyu.

Mama Chanika:
Kwa dada yangu waliandika kwenye msingi, hata jamvi, zege la sakafu, halijamwagwa. Hujui, nyamaza.

Tandika Macho:
Basi aweke picha ya leo, karai juu ya ukuta.

Ustaadhi wa Temeke:
Kumwita mtu mwongo bila ushahidi ni dhambi.

Baba Mapacha:
Nimeweka. Karai, X, na kijana wangu mdogo ameshika pima maji. Mwongo hafyatui tofali usiku kwa taa ya simu. Wakuu, hela yote ya familia iko kwenye ukuta huu. Mnaposema niache, niende wapi na watoto?

Nyundo Moja:
Pole sana mkuu, na nimekuamini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Muhuri wa mtaa unathibitisha nani kamuuzia nani, hauruhusu kujenga mtoni. Kabla ya kumwaga hata ndoo moja, nenda ofisi ya Mipango Miji uombe wakuoneshe kiwanja chako kwenye ramani, na uulize kama kibali cha ujenzi kinatoka. Nondo na bati ukizihifadhi utazihamisha. Zege likishamwagwa, hela hiyo hairudi.

Baba Mapacha:
Niliponunua nilihesabu hatua, zilikuwa zaidi ya 60.

Karai la Zege:
Wachimba mchanga wamekula kingo za Mzinga. Pima kwa futi kamba, kuanzia ukingo ulipo leo.

Baba Mapacha:
Nimepima na mama jioni hii. Mita 43.

Mwana Kimara:
Mungu awatie nguvu, kaka.

Baba Mapacha:
Jumatatu naenda Mipango Miji. Ila kokoto zimeshashushwa na saruji iko kwenye turubai kiwanjani. Vinaharibika vikikaa?

Karai la Zege:
Kokoto hata mwaka. Saruji itoe hapo leoleo, ipange ndani juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta. Kama hamna nafasi chumbani, mimi niko Kitunda, stoo yangu ina nafasi.